Nilivyomtoa Dada wa Muscat

Nilimtoa kundini katikati ya wiki, saa nne usiku, nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa uani kwetu Ngamiani, Tanga. Sikumpa onyo. Nilibonyeza jina lake, nikabonyeza ondoa, na pale kwenye kundi ukatokea ule mstari mdogo wa kuonyesha kwamba fulani ametolewa. Watu wawili watatu wakaweka dole gumba. Nikazima simu nikaenda kulala, moyo mweupe kabisa, kwa sababu niliamini nimelinda kundi.

Kundi lenyewe lilikuwa la Team Kiba, sisi mashabiki wa mwanamuziki Alikiba, na ilikuwa Novemba 2016. WhatsApp wakati ule ilikuwa mwisho watu 256 kwenye kundi moja, nasi tulikuwa tumejaa pomoni, wengine wakingojea nje mpaka mtu atoke ndipo waingizwe. Maadmini tulikuwa watatu: kijana wa Mbeya aliyelianzisha, mwalimu mmoja wa Mombasa, na mimi. Nilikuwa na miaka 20, nimemaliza kidato cha sita, nashika kibanda cha kutuma na kupokea pesa cha mjomba wangu. Kiingereza changu kilikuwa afadhali kuliko cha wengi mle ndani, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusoma. Kitu chochote kikija kwa Kiingereza, iwe mahojiano, habari au maelekezo ya kupiga kura, wananitagi: "Admini wa Tanga, tusomee." Nami nasoma, naandika kwa Kiswahili, naweka kundini.

Alikiba nilimpenda tangu "Cinderella" ya mwaka 2007, nikiwa shule ya msingi, wimbo ukipigwa kila daladala na kila duka la kanda. Lakini mapenzi ya kweli yalinishika 2014. Alikuwa amekaa kimya kama miaka mitatu hivi, watu wameshamzika, halafu Julai ile akaachia "Mwana". Nilikuwa bweni. Matroni alikuwa na redio ndogo dirishani kwake, tukasimama nje na ndoo zetu za maji mpaka wimbo ukaisha. Kiba hapigi kelele. Analiendea neno taratibu, analizungusha mwishoni, na sisi tuliokulia pwani sauti ya namna ile tunaijua, tumeisikia kwa mama zetu wakifua huku taarabu ikiendelea redioni. Sijasikia tena sauti inayonifanyia vile.

Nyumbani tulikuwa wawili tusioelewana katika jambo hili. Kaka yangu alikuwa wa Diamond Platnumz, mshindani wa Kiba, damu. Mwaka 2015, tarehe 25 Oktoba, siku ile ile Tanzania ilipopiga kura ya uchaguzi mkuu, Diamond alichukua tuzo ya MTV EMA, zile tuzo za muziki za MTV Ulaya, ya Msanii Bora wa Afrika kule Milan. Kaka aliimba mpaka alfajiri. Kwa hiyo mwaka uliofuata, tulipoliona jina la Kiba kwenye kundi lile lile la tuzo ile ile, mnaweza kuelewa joto letu. Alikuwa na Wizkid na Olamide wa Nigeria, na Black Coffee na Cassper Nyovest wa Afrika Kusini. Wanne wazito, na nyuma yao nchi zenye watu wengi wa kupiga kura mtandaoni kuliko sisi. Sisi tulikuwa na bando za shilingi mia tano na vidole.

Na ndipo alipoingia dada wa Muscat.

Aliletwa na mtu wa Zanzibar. Alikuwa akifanya kazi za ndani kule Oman, mwaka wa pili bila kurudi. Hakuandika sana. Alikuwa anatuma sauti, na sauti zake zote zilikuwa za kunong'ona, kwa sababu simu aliishika usiku tu, nyumba nzima ikishalala. Ukiweka sikio vizuri unasikia kiyoyozi kinavuma nyuma yake. "Jamani, mimi nimemaliza vyombo. Naanza." Hiyo ilikuwa salamu yake kila usiku, na kwa kuwa saa za Muscat ziko mbele ya zetu kwa saa moja, kwake ikifika saa sita sisi ndio kwanza saa tano.

Kura zake alikuwa anaziandika. Siku moja alitutumia picha ya daftari: daftari la watoto la hesabu, lenye vyumba vyumba, ukurasa una doa la mafuta pembeni. Amechora vijiti vinne vinne, cha tano kimevikata vile vinne kwa mshazari, mstari baada ya mstari mpaka chini, na juu ya kila safu jina la siku. Ijumaa ilikuwa imejaa zaidi, siku yake ya kupumzika. Kijana wa Mbeya aliifanya picha ile kuwa picha ya kundi, na ilikaa pale mpaka mwisho wa kampeni.

Niliwahi kumuuliza faraghani kwa nini Kiba. Akaniambia "Mwana" unamzungumzia binti aliyewaacha wazazi wake akaenda Dar es Salaam, na yeye alitoka kijijini kwao hivyo hivyo, kisha Dar akaipita akaenda mbali zaidi. Hakuongeza neno. Kiingereza hakujua hata kidogo. Maelekezo ya kupiga kura nilimchorea: bonyeza hapa, kisha hapa, picha ya Kiba ni hii.

Sherehe ilikuwa Rotterdam, Uholanzi, Jumapili tarehe 6 Novemba. Wengi wetu hatukuwa na namna ya kuiona kwenye televisheni, tulikuwa tunasukuma kurasa tu na kungoja. Matokeo yakaja: Wizkid. Nikasubiri dakika kadhaa labda nimekosea, nikasoma tena, halafu nikaandika kundini kwa sababu ilikuwa kazi yangu. "Ndugu zangu, tuzo imeenda kwa Wizkid. Tumepambana. Asanteni."

Kilichofuata sijakisahau. Watu hawakugombana. Walianza kutoka. Ameondoka. Ameondoka. Ameondoka. Mstari chini ya mstari, kimya kimya, kama watu wanaotoka msibani bila kuaga wafiwa. Kulipokucha tulikuwa hatufiki mia mbili. Kaka yangu alinikuta jikoni asubuhi. Nilijiandaa kwa matusi yake, akanimiminia chai tu, akasema, "Pole. Mlijitahidi, wallahi." Nililia kwa hilo kuliko kwa tuzo.

Jumatatu ilikuwa mbaya zaidi. Upande wa pili, wale wa Diamond, waliona wametupata. Wakatengeneza picha za skrini za uongo zinazosema Kiba ameshinda, wakazisambaza kwetu, tukishangilia wanacheka. Nami nilinasa. Niliiweka moja kundini na vigelegele, na baada ya robo saa ikaonekana hata jina la Kiba limeandikwa kwa herufi za aina nyingine. Nilitukanwa mimi, akatukanwa pia mama yangu ambaye hata Facebook hajui. Basi tukakubaliana maadmini watatu: yeyote atakayeleta tena habari ya Kiba kashinda, anatolewa. Hakuna kuuliza.

Wiki hiyo dunia nzima ilikuwa ya Marekani, Trump amechaguliwa, redio zote zinamzungumzia yeye. Kundi letu lilikuwa limepoa, watu wanatakiana usiku mwema tu. Usiku huo nilioanza nao ndipo ilipoingia picha kutoka Muscat. Si picha ya skrini. Ilikuwa ya kompyuta iliyopigwa kwa simu, imepinda, ina ule mng'ao wa taa katikati, na pembeni kinaonekana kidole gumba. Kisha sauti yake, ile ya kunong'ona: "Jamani, hii ni kompyuta ya mtoto wa bosi wangu, kaniachia nimefungua ule ukurasa tuliokuwa tunapigia kura. Naona jina la Kiba liko peke yake hapa juu. Mimi sijui kusoma hii. Admini wa Tanga, mdogo wangu, nisomee."

Sikusoma. Sikuikuza hata ile picha. Niliona Kiba, nikaona kushinda, nikaona matusi ya Jumatatu yanarudi, na mkono ukafanya kazi. Huyu mtu alikuwa hajaleta habari. Alileta karatasi akaomba isomwe, na aliyeombwa ni mimi, ambaye kazi yangu pekee mle ndani ilikuwa hiyo.

Kesho yake niko kibandani, namhesabia mzee mmoja elfu thelathini zake, simu ikaanza kutetemeka haiachi. Mwalimu wa Mombasa alikuwa ananipigia, na yeye hakuwa mtu wa kupiga. "Wamerekebisha," akasema. "Mshindi ni Kiba. Wamethibitisha wenyewe." Nikamwambia mwalimu, tafadhali, nisiingie shimoni mara mbili. Akasema nenda kwenye ukurasa wao mwenyewe, usitumiwe na mtu. Nikaenda. Ilifunguka polepole, kwanza rangi, halafu maandishi, halafu picha. Alikiba, mshindi, Msanii Bora wa Afrika. Yule mzee alinisubiri na noti zake, akaniuliza, "Mwanangu, kuna msiba?" Nikamwambia hapana babu, ni furaha. Akasema basi nimalizie hesabu.

Nilipopata nafasi niliirudia ile picha ya kidole gumba. Ilikuwa bado ipo kwenye simu yangu. Nikaikuza. Ukurasa ule ule. Mpangilio ule ule, jina lile lile, na chini yake yale yale niliyotoka kuyasoma kwa macho yangu. Dada huyu aliiona habari ile kabla yetu sote mia mbili, akiwa hajui hata neno lake moja, na mimi nikamfungia mlango.

Nikaingia kundini nimrudishe. Lakini kundi lilikuwa limefurika upya. Walioondoka Jumapili walikuwa wamerudi kwa kasi, kijana wa Mbeya anawaingiza wote wanaoomba, na tulikuwa 256 tena. Nikajaribu, simu ikakataa. Nani nimtoe? Kila mtu alikuwa anashangilia, wengine wanalia kwa sauti, mtu wa Bujumbura anapiga ngoma sijui ya nini. Nikamwandikia kijana wa Mbeya: mimi natoka, nafasi yangu mpe dada wa Muscat, usimpe mwingine. Akadhani nimekasirika. Nikamtumia ile picha, nikamweleza. Akasema sawa. Nikatoka. Kwa hiyo shangwe yote ya siku ile, ambayo watu waliisimulia kwa miaka, mimi sikuisoma. Niliisikia kwa kaka, aliyekuwa na rafiki mle ndani. Kaka huyo huyo wa Diamond jioni alileta soda mbili akasema, "Sasa zimekuja mbili Tanzania, mwaka juzi na mwaka huu."

"Mwaka jana," nikamsahihisha.

"Haya, mwaka jana."

Dada nilimwandikia faraghani. Nilianza na shikamoo, halafu nikaeleza yote: picha za uongo, sheria yetu, kwamba sikuikuza, kwamba nimekosa. Ikakaa na tiki moja. Usiku ule hakuna kitu. Nikajua simu haikuwashwa, au imenyang'anywa, na hilo la pili likanikosesha usingizi, maana kompyuta ile haikuwa yake na kidole kilikuwa chake.

Ijumaa saa kumi jioni tiki zikawa mbili. Ikaja sauti, na kwa mara ya kwanza hakuwa ananong'ona. Nyuma kulikuwa na upepo, magari, na wanawake wanacheka kwa Kiswahili. Alisema yuko Matrah, pale baharini, na wenzake. Alisema hivi, nimeisikiliza mara nyingi nimeikariri: "Marahaba mdogo wangu. Mimi nilidhani bando ndiyo imekata. Nimeweka vocha leo nakuta nimo kama kawaida, watu wanashangilia, nami nashangilia na wao. Usiniombe msamaha. Lakini ile karatasi hujanisomea."

Sijui kama kweli alidhani ni bando au alikuwa ananisitiri. Sikumuuliza siku ile, na baadaye niliona aibu kuuliza.

Nikaenda uani, nikakaa kwenye ndoo ile ile, nikaifungua picha yake, nikabonyeza kinasa sauti. Nikamsomea kuanzia juu, kila kilichoonekana, hata maneno madogo ya pembeni yaliyokatwa na kidole. Hiki ni kichwa cha ukurasa. Hili ni jina la tuzo, maana yake Msanii Bora wa Afrika. Hapa pameandikwa mshindi. Hapa ni jina lake, Alikiba.

Zikapita dakika mbili. Akaandika, kitu ambacho hakuwa anafanya, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika:

"Rudia hapo kwenye jina."