Wageni wa Siku za Msiba

Nimelipia seva kwa mwaka mwingine. Mke wangu aliuona ujumbe wa benki kwenye simu akauliza tu, "Ile ya muziki?" Nikamjibu ndiyo, akaendelea kuchambua mchicha. Hela hiyo ilikuwa na kazi nyingine humu ndani, na wote wawili tunalijua hilo. Basi nimeona leo niandike kwa nini bado naiendesha tovuti hii, na kinachonichosha ndani yake ni nini.

Kwa asiyeijua, ni tovuti ya muziki wa dansi wa Tanzania, hasa wa miaka ya sitini hadi ya tisini. Naandika nani alikuwa bendi gani, alipiga chombo gani, alihama lini na kwenda wapi. Kwa kusikia tu ni kazi nyepesi. Lakini chukua bendi moja: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina na bendi ikabadili, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo watu wanaijua kama Msondo Ngoma. Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo alikuwamo tangu 1964, mwaka 1978 akahamia bendi ya Mlimani Park, ile Sikinde ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mwaka 1985 akaenda bendi ya Safari Sound, na baadaye akarudi Msondo. Huyo ni mtu mmoja, tena maarufu, ambaye magazeti yalimfuata kila alipokwenda. Mpiga tumba wake nani alimfuata?

Wapiga tumba hawakuandikwa popote. Nyimbo nyingi zilirekodiwa kwenye studio za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu. Kiwanda cha santuri hatukuwa nacho, zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa kuanzia 1977 hadi 1983 hata njia hiyo ikawa ngumu. Kwa hiyo kilichobaki majumbani mwa watu wengi ni kaseti walizorekodi wenyewe kutoka redioni, na kaseti ya namna hiyo haina jalada wala majina. Ukimsikia mtangazaji akitaja bendi na mtunzi kabla wimbo haujaanza, shukuru. Aliyepiga gitaa la kati utamtafuta mwenyewe, kwa kupiga simu na kugonga milango.

Kinachoniumiza kuliko vyote ni kwamba wageni huja msiba ukitokea. Gurumo alipofariki Aprili 2014, watu walifurika mpaka tovuti ikazima, na kampuni niliyokodi seva ikaniandikia kwamba nimezidisha matumizi, nihamie kifurushi cha bei ya juu. Mwimbaji King Kikii alipotutoka Novemba 2024, ikawa vile vile. Ukiutazama mchoro wa takwimu, mstari unatambaa chini miezi na miezi, halafu unapanda ghafla, na kila unapopanda kuna mtu tumemzika. Wanaingia maelfu, wanataka picha na wasifu, wanasambaza kwenye WhatsApp, na baada ya arobaini hakuna anayerudi. Makala ile ile niliiandika marehemu akiwa bado hai, anaweza kupokea simu, na ilisomwa na watu wachache mno.

Rafiki zangu wenye tovuti kubwa za burudani wananishauri kila tukikutana. Weka Bongo Fleva, weka nani kaachana na nani, matangazo yatakuja yenyewe. Siwalaumu hata kidogo, wanasomesha watoto kwa kazi hiyo, tena wengine ni waandishi wazuri sana. Mimi moyo wangu hauko huko, na naamini msomaji huligundua hilo haraka kuliko mwandishi.

Ombi jingine linalokuja kila wiki ni la kupakua. "Kaka, weka linki basi tushushe nyimbo." Hilo nalikataa, na naomba nieleweke. Sheria ya hakimiliki tunayo, hii ya sasa ni ya 1999, lakini si woga wa sheria unaonizuia. Nimekaa sebuleni kwa watu waliozipiga nyimbo hizo. Nimemwona mzee, ambaye sauti yake bado inapigwa redioni Jumapili asubuhi, akikata kidonge chake cha presha katikati kwa wembe ili dawa zifike mwisho wa mwezi. Nitoke pale nikagawe kazi yake bure ili nipate wageni? Siwezi. Anayetaka kusikiliza akanunue, au asubiri redioni.

Mwaka 2018 nilizima kabisa. Kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilitaka leseni, na ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, ilizidi shilingi milioni 2. Wengi tulizima Juni ile. Kwa chombo chenye matangazo hiyo ni gharama ya biashara, kwa mtu anayeandika usiku baada ya kutoka kazini ni mlango uliofungwa. Niliendelea kuandika kwenye daftari, na ada zilipokuja kupunguzwa nikarudi. Wenzangu kadhaa hawakurudi. Alikuwepo mmoja aliyekuwa anakusanya habari za vikundi vya taarab vya Tanga, kazi ya miaka, na leo huwezi kuipata popote. Nikiikumbuka naumia kama ni yangu.

Sasa furaha yake. Mwaka jana binti mmoja alinitumia picha kutoka Morogoro, mji wa Morogoro Jazz na Cuban Marimba, ambako bendi nyingine ndogo zilifunikwa na majina hayo mawili mpaka zikasahaulika. Vijana wamesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, suruali za bugaluu, mmoja amekumbatia saksafoni kama mtoto mchanga. Nyuma ya picha kuna majina kwa wino wa bluu, kutoka kushoto kwenda kulia. Wote wameandikwa jina na la baba, isipokuwa mmoja, ambaye mwandiko unasema tu "mimi". Huyo ndiye babu yake binti, na yu hai.

Nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa unaandika habari zetu. Umeshakosea?"

Nikamsomea nilichokuwa nimekusanya. Akanyamaza mpaka nilipofika kwa mpiga gitaa zito la bezi, akanikatisha. "Huyo aliazimwa siku ile ya picha tu. Mwenyewe alikuwa kitandani na malaria. Andika jina la mwenyewe." Akanipa jina, mtaa aliokuwa anaishi, na fundi cherehani aliyewashonea zile suruali. Tuliongea mpaka salio langu likakata, akapiga yeye.

Makala ilipotoka, mjukuu wake aliichapisha steshenari kwa rangi, na mzee akaibeba kwenye baraza wanapochezea bao, kwa sababu wapo wenzake waliokuwa wanambishia miaka yote kwamba hajawahi kupiga muziki. Nimeletewa picha yake akiwa ameishika, kidole kikiwa juu ya jina lake. Kwenye takwimu siku hiyo haionekani kabisa. Kwangu ni siku kubwa kuliko zile zote zilizozimisha seva.

Tangu hapo nimebadili utaratibu. Makala za marehemu nimeziweka pembeni, zitasubiri. Nina orodha ya walio hai kwa umri, mkubwa kwanza, na wengi wao hawajawahi kuhojiwa na mtu yeyote: wapuliza tarumbeta, wapiga drams, waliobeba vyombo na kufunga spika, na mama mmoja aliyekuwa akikata tiketi mlangoni ambaye anakumbuka nani aliingia bure na kwa nini. Jumamosi naenda Mbagala kwa mpuliza tarumbeta aliyekaa bendi tatu. Sauti yake kwenye simu ni ya chini na anachoka upesi, kwa hiyo nitaenda asubuhi, nitauliza machache, na mke wangu ameshasema nisiende mikono mitupu, nichukue sukari na majani ya chai. Akikubali niyaandike, nitayaweka wiki hiyo hiyo, ayasome mwenyewe anirekebishe.