Usiku niliobishana na "lazima"

Ilikuwa Novemba, Tandahimba. Nilikuwa nimepeleka magunia 8 ya korosho chama cha msingi, mnada ukapita, bei wakulima tukaikubali. Wiki ya pili wenzangu wakaanza kupata meseji za benki. Jirani yangu, ambaye tulipima siku moja, akanunua bati. Simu yangu kimya.

Wiki ya tatu sikuwa mtu wa kukaa naye. Chakula kikichelewa kidogo nafoka. Usiku macho darini, nikiamini kila anayecheka kijiweni ananicheka mimi.

Aliyenitoa huko ni mpwa wangu, muuguzi. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye huitwa kusema neno mambo yakiharibika. Safari hii niliyeketishwa ni mimi. "Shikamoo, mjomba. Nimesikia huli." Akaomba daftari langu la hesabu za salfa na vibarua, akachora safu tatu: kilichotokea, nilichojiambia, nilichohisi.

Safu ya kwanza nikaandika: "Wamenidharau." Akaikata kwa kalamu. "Hilo lilitokea, mjomba, au ulijiambia? Mtu angepiga picha, ingeonekana nini?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Ingeonekana akaunti isiyoingia pesa kwa siku 19, basi. Dharau nilikuwa nimeiongeza mwenyewe.

Akanieleza kwamba njia hiyo alifundishwa chuoni. Ilitokana na mwanasaikolojia wa Marekani, Albert Ellis, aliyeianza katikati ya miaka ya 1950. Alisema kati ya tukio na maumivu kuna imani, na imani huweza kuhojiwa. Zaidi ya yote aliiandama ile "lazima" tunayojiwekea. Ya kwangu ilikuwa hii: "Lazima pesa iingie kabla ya Ijumaa, la sivyo nimekwisha."

Tukaihoji. Ijumaa kuna nini? Deni la vibarua walionifyekea shamba. Wanaishi kitongoji hiki hiki, wanajua korosho yangu iko ghalani. Mahitaji ya shule ni Januari. Sasa nimekwisha vipi? Nikaandika upya: "Naitaka sana pesa hii. Ikichelewa nitabanwa, na nitapita."

Hasira haikuisha, na sikutaka iishe. Jasho langu ni jasho langu. Lakini ile hasira ya kwanza ilikuwa inanipeleka kwa wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo nje ya chama. Nilikuwa nimeshaongea na mmoja aje usiku kuchukua korosho iliyobaki ndani, kwa bei ya kutupa. Hii ya pili ilinipeleka ofisini mchana, stakabadhi mkononi. Nikamwambia karani: "Mwanangu, naomba tuangalie jina langu." Akafungua orodha, tukasoma namba ya akaunti pamoja, yeye kwenye karatasi yake, mimi kwenye kadi yangu. Tarakimu moja ilikuwa imekosewa. Ningeingia nikifoka kama nilivyopanga, sidhani kama tungefika kwenye tarakimu.

Yule wa kangomba nilimpigia jioni ile ile nikamwambia asije.

Pesa iliingia baada ya siku 6. Kati ya hizo, siku mbili bado nilikesha. Niliwasha tochi ya simu, nikajaza safu zangu, usingizi ukaja karibu na adhana ya alfajiri. Daftari limebaki chini ya mto. Mke wangu naye ameomba kurasa za nyuma.