Siku moja maishani mwangu: nachora watu wanaoishi ndani ya simu

Saa 12 asubuhi. Kabla ya kugusa rangi nafungua madirisha. Mchoro wa juzi bado mbichi. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Mafuta ya kitani hunyonya oksijeni na kuganda taratibu, siku baada ya siku. Ndiyo maana uso ambao simu inaupiga kwa kufumba na kufumbua mimi unanichukua wiki kadhaa.

Saa 2. Nakoroga rangi, nasafisha brashi, naanza.

Mfululizo wangu ni wa watu gizani, wanamulikwa na simu zao tu. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, nukta nyekundu, kijani na buluu. Rangi yangu hurudisha tu mwanga ulioiangukia. Mwanga wenyewe hauuzwi kwenye tyubu ya rangi popote. Kwa hiyo nauzamisha uso wote kwenye buluu nzito na kahawia, kisha chini ya kidevu napitisha mstari mwembamba, mweupe wenye ubuluu kwa mbali. Ukikaa sawasawa, unawaka. Asubuhi yote imeishia kwenye sentimita nne za taya.

Saa 5 akaja mteja aliyeagiza picha yake. Amenikalia mara tatu, nimemchora akiwa mbele yangu. Akatazama, akanyamaza, kisha: “Kaka, huyu si mimi. Kidoti umekiweka upande usio wake.”

Nikamwambia kiko shavu la kushoto, na nimekichora shavu la kushoto. Akawasha kamera ya mbele, akanyoosha mkono. “Ona!” Ile kamera humwonyesha mtu sura yake kama kioo, kulia na kushoto vimegeuka, na sura hiyo ndiyo anayoijua tangu utotoni. Nikamweleza habari za Parmigianino, mchoraji wa Italia aliyejichora mwaka 1524 akijitazama kwenye kioo cha mbinuko, mkono wake uko mbele, mkubwa kupita kichwa, kama mkono wa mtu anayepiga selfi. Hakutaka historia. Alitaka kidoti kihame, ngozi ilainike kama kwenye filta, na jicho “lirekebishwe”. Saa nzima tukabishana, ikaingia ya pili. Nikakataa kukihamisha. Nimechoka kuambiwa kazi yangu ni kunakili picha ya wasifu.

Aliondoka bila kuaga vizuri.

Baada ya hapo sijui ilikuwa saa ngapi. Mgongo unauma, mwanga wa dirishani umekwisha. Nikafanya tunachofanya wachoraji jicho likishazoea makosa yake: nikaugeuzia mchoro kisogo, nikautazama kwenye kioo. Kidoti kikawa upande aliousema. Huyo ndiye mwanamke anayemwona kila asubuhi. Na jicho la kushoto limeshuka, si kidogo, upana wa kucha.

Nikachukua kisu, nikalikwangua lote. Kitambaa kikabaki na doa la kijivu pale jicho lilipokuwa. Kesho nitampigia simu, nimwombe aje anikalie tena.