Kufungua Minyororo ya Theluji na Kuihifadhi

Minyororo ya matairi, ile inayozungushwa kwenye magurudumu ili gari lisiteleze kwenye theluji, hufungwa kwa hofu na kufunguliwa kwa uchovu, na kwa upande wangu hasara nyingi zimetokea katika kuifungua. Theluji inapokwisha na lami kujitokeza, chuma husagana na barabara, pete zikalika, gari likatetemeka na matairi yakashika barabara vibaya kuliko ambavyo yangeishika bila minyororo. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa ambacho watengenezaji wengi huweka hakimpi mtu ruhusa ya kuendelea hivyo hadi nyumbani.

Hata hivyo, sisimami pale pale lami inapoanza. Natafuta mahali tambarare, nje kabisa ya njia ya magari na mbali na kona, kwa sababu mtu aliyechuchumaa kando ya gurudumu haonekani kwa urahisi, na dereva anayemjia huenda bado anateleza. Nazima injini, navuta breki ya mkono, nawasha taa za tahadhari, kisha navaa kizibao cha kuakisi mwanga na glavu nene.

Mpira wa kukazia mnyororo, kama upo, huachiliwa kwanza, taratibu, uso ukiwa pembeni, kwani kulabu iliyovutwa ikichomoka ghafla inaweza kumpiga mtu jichoni. Baada ya hapo nafungua kifungo cha nje, halafu cha ndani, na kuulaza mnyororo chini pande zote mbili za tairi. Ncha ya ndani naikagua mara mbili: ikibaki imening'inia inaweza kujizungusha kwenye ekseli na kukata bomba la breki au waya wa kihisi cha mwendo wa gurudumu. Ndipo naliondoa gari juu ya minyororo polepole sana. Kipande kikibanwa chini ya tairi, sikivuti. Nalisogeza gari kidogo tena, na kamwe siingii chini yake.

Kazi inayobaki, ambayo wengi huidharau, ni kuondoa chumvi, ile inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Mwaka mmoja niliitia minyororo mibichi katika mfuko wa plastiki, nikaufunga vizuri kwa kujipongeza, na msimu uliofuata nikatoa bonge la kutu ambalo halikunyooka hata kwa nyundo. Baadhi ya chumvi hizo, hasa kloridi ya kalsiamu, hufyonza unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma kisichooshwa huendelea kulowa hata kikiwa kabatini. Sasa naisuuza kwa maji mengi ya vuguvugu, naitundika mpaka ikauke kabisa, kisha naipitisha mkononi pete moja moja. Iliyopasuka au kulika sana huniambia kwamba mnyororo ule urekebishwe au uachwe, kwa maana pete ikikatika mwendoni huchapa ndani ya tao la gurudumu kama mjeledi. Napaka mafuta mepesi kwenye chuma pekee na kufuta yanayozidi. Raba nyingi huharibiwa na mafuta.

Mwisho nafunga ncha za kila mnyororo kwa kamba ili zisisokotane, kisha naiweka yote katika mfuko wa turubai unaopitisha hewa, mahali pakavu. Juu kabisa naweka glavu, kwa kuwa ndizo nitakazozihitaji kwanza.