Sifuri kati ya watoto 20

Darasa lile la uzamili wa afya ya jamii, Dar es Salaam mwaka 2019, lilijaa watu wa kazi: matabibu, wauguzi, maofisa afya kutoka wilayani. Takwimu walishazisoma. Kutafuta thamani ya P, ile namba ya kupimia kama matokeo yangeweza kutokea kwa bahati tu, walijua, lakini ukiwauliza namba ile inasema nini hasa kuhusu wagonjwa wao, kimya. Mimi nilipewa kuwafundisha mbinu ya Bayes, yaani kuanza na unachokijua kisha kukirekebisha kwa data, na kazi hiyo niliitaka sana.

Sikuanza na kanuni. Niliandika ubaoni kwamba watoto 20 wa kijiji fulani wamepimwa malaria kwa kipimo cha haraka, na aliyekutwa nayo hakuna. Je, kijiji hiki kina malaria? Wakapiga hesabu waliyoizoea: kiwango sifuri, na kiasi cha kosa nacho sifuri. Dada mmoja, tabibu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye zahanati za vijijini Morogoro, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hiyo hesabu inadanganya. Watoto 20 tu, halafu niwaambie watu malaria imekwisha?"

Hapo ndipo nilipopataka. Nikawaambia tuandike kwanza tunachokijua kabla ya kupima. Tuseme hatujui lolote, basi kila kiwango kati ya sifuri na asilimia 100 tukipe nafasi sawa. Kijana aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Samahani Mwalimu, hapo si tunachakachua? Data zinatakiwa ziseme zenyewe."

Swali hilo nililipenda na bado nalipenda. Nilimjibu kwamba kila mtafiti huingia kwenye data na anachokijua. Tofauti ni kwamba hapa kinaandikwa kwenye mstari wake, kila mtu akione, na asiyekubaliana nacho aubadilishe mstari huo mbele ya wenzake.

Tulitumia Stan, programu ya kukokotoa modeli za Bayes, kupitia R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Modeli ilikuwa fupi, lakini Stan huigeuza kwanza kuwa lugha nyingine ya kompyuta, C++, na kompyuta zetu hazikuwa na haraka. Tukiwa tunasubiri nikawasimulia jina la Stan limetoka wapi. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam alikuwa anajiuguza, anacheza karata peke yake, akajiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani. Kukokotoa kukamshinda. Akaona afadhali kuzichanga karata mara nyingi na kuhesabu ni mara ngapi umeshinda. Wazo hilo yeye na mwanahisabati mwenzake John von Neumann wakalipeleka kwenye hesabu za nyutroni kule Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani. Stan iko kwenye ukoo huohuo: pale hesabu isipofunguka, inachota thamani nyingi kwa kufuata uwezekano wake, nasi tunahesabu.

Picha za minyororo, yaani mifululizo ya namba ambazo Stan inazichota moja baada ya nyingine, zikatokea kwenye projekta. Minyororo minne, kila mmoja umeanzia kwake, yote imekuja kusokotana kama kiwavi mwenye manyoya. Hapa nilikuwa mkali kidogo: usisome jibu lolote kabla ya kuitazama picha hii. Mnyororo mmoja ukijitenga na wenzake, achana na namba, rudi kwenye modeli.

Kisha nikafungua vyote vilivyochotwa, safu ya namba 4,000, kila moja ikiwa kiwango cha malaria kinachowezekana kijijini, nikamwita yule dada mbele.

"Tabibu, wewe ulitaka kujua nini kuhusu kijiji hiki?"

"Kama malaria inaweza kuwa imezidi asilimia 5."

"Basi hesabu ni namba ngapi zimezidi."

Akaandika amri moja, akabonyeza. Zimezidi 1,300 na ushee. Akagawanya kwa 4,000 mwenyewe, kwa kalamu, pembeni ya daftari: karibu asilimia 34. Tulipoangalia safu yote, asilimia 95 ya namba zilikuwa chini ya asilimia 13 hivi. Darasa likachangamka, kwa sababu kwa mara ya kwanza swali lilikuwa la kwao, na jibu lilikuwa la swali hilohilo. Mfano huu mdogo hata kwa kalamu unafunguka, na ndiyo maana niliuchagua. Nilitaka wailinganishe programu na hesabu ya mkono kabla ya kuiamini kwenye modeli za vijiji vingi, ambazo kalamu haiziwezi.

Dada hakurudi kukaa. "Lakini kipimo chenyewe kinawakosa wagonjwa wengine." Tukaongeza mstari mmoja, tukachukulia kwamba kinawanasa 8 kati ya 10. Modeli ikazunguka upya, minyororo ikakaa vizuri, ule mpaka wa 13 ukapanda hadi karibu asilimia 17, na zilizozidi asilimia 5 zikakaribia 1,700. Kijana wa kuchakachua alikuwa ameshahamia mbele, anabishana na dada kwamba kwa watoto wenye vimelea vichache 8 ni nyingi mno, waweke 6. Nikawaachia kompyuta.