Taya ilivunjika sehemu mbili: waya au pleti?

Mimi ni konda, gari letu linapiga Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo, kwa hiyo kazi yangu ni mdomo. Mwaka jana nilikuwa nimening'inia mlangoni kama kawaida, suka akakwepa boda, mimi nikachomoka nikatua na kidevu kwenye ukingo wa barabara. Sikuzimia. Nikatema damu, nikapapasa meno kwa ulimi, yote yapo, nikasema afadhali.

Zahanati ya kwanza wakanishona kidevu nyuzi nne, wakanipa dawa za maumivu, wakasema uvimbe utashuka wenyewe. Ukashuka kweli, ila siku ya tatu najiangalia kwenye kioo naona meno mawili ya chini, moja limepanda na jirani yake limeshuka kama ngazi, na fizi katikati yao imechanika. Mama akasogea, akatazama, akasema "baba, huo sio uvimbe, hapo pamekatika".

Hospitali kubwa yule dokta wa kinywa na taya kabla hata hajanishika akauliza tu, "ukiuma, meno yanakutana kama zamani?" Hayakutani. Kama umeumia taya jiulize hilo kwanza, maumivu hayasemi ukweli, mimi siku ya tatu nilikuwa naongea na kucheka. Wakanipiga ile eksirei ya taya nzima, unasimama mashine inakuzunguka kichwa. Nimevunjika kushoto karibu na kidevu, na kulia kule juu kwenye kifundo karibu na sikio. Nikabisha, huko mbona sikujigonga! Akasema taya ni kama bangili, ukiigonga hapa inaweza kukatika na kule.

Akanipa njia mbili. Waya, wanafunga vyuma meno ya juu na ya chini halafu wanayakaza pamoja, mdomo unakaa umefungwa kama wiki 4 mpaka 6 mfupa uunge wenyewe. Au nusu kaputi, wanachana ndani ya mdomo chini ya fizi, wanaurudisha mfupa na kuukaza kwa pleti ya titaniamu na skrubu, pleti yenyewe kwa kawaida haitolewi. Waya ni bei nafuu, na dokta hakuiponda, alisema kuna watu inawatosha kabisa, ila mfupa wangu wa mbele ulikuwa umehama. Mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja, konda aliyefungwa mdomo wiki sita akirudi anakuta gari lina konda mwingine. Bima sina. Ndugu wakachanga, suka naye akatoa, tukalipia pleti.

Nilidhani nimenunua mdomo wazi. Kumbe kile kifundo cha juu hawakukigusa, hakikuwa kimehama sana na kule kuna mishipa ya fahamu ya uso, kwa hiyo nikawekewa raba za kushika meno ya juu na ya chini pamoja wiki mbili ili taya itulie. Nimeamka pua inawaka moto, mpira wa kupumulia ulipitia puani kwa sababu wakiwa kazini inabidi wayafunge meno waone yanakutana. Mzee wa kitanda cha pili yeye alifungwa waya, kichwani pake pamening'inizwa koleo kwa kamba, nikauliza la nini, nesi akasema akianza kutapika wanakata waya haraka asipaliwe. Usiku ule sikulala vizuri, namchungulia mzee wa watu.

Chakula ni mtori uliosagwa, juisi ya parachichi, supu ya kuchuja, nikashuka kilo sita. Kilichonisumbua zaidi ni ganzi, mdomo wa chini na kidevu upande wa kushoto nilikuwa sihisi kitu, uji unamwagika kwenye shati mimi sina habari mpaka mdogo wangu acheke. Miezi mitano sasa, imebaki kama sisimizi wanatembea.

Raba zilipotoka mdomo ulikuwa unaingiza kidole kimoja tu, dokta anataka vitatu. Mazoezi kila siku, kufungua na kufunga, machozi yanatoka. Barabarani nilirudi kwa kugonga bodi tu, abiria wakiuliza hili la wapi nawaonyesha kibao. Juzi vidole vitatu vimeingia, cha tatu kwa kulazimisha. Mahindi ya kuchoma pale kituoni bado nayaangalia tu.