Dona nala, lakini kofia siivui tena

Nina ualbino, na shamba langu la zabibu liko Hombolo. Nalisema mapema ili mjue napambana na jua gani.

Habari ya pumba niliipata kwa wifi yangu. Alisikia kwamba kwenye nyuzinyuzi za nafaka mna asidi ya faitiki, wengine huiita IP6, nayo inazuia kansa ya ngozi. "Wifi, hela ya losheni ya kukinga jua inapotea bure, kunywa pumba." Losheni ilikuwa inanimaliza, nikakubali. Nikawa naokota pumba za uwele mashineni, nachekecha, napika uji wa rangi ya udongo, naushushia ukwaju kwa sababu ulikwaruza koo. Miezi miwili! Msimu wa kupogoa nikaingia shambani mikono wazi, kofia nimeitundika nyumbani. Siku ya tatu mikono ilivimba, ngozi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Hiyo ilipona. Kilichogoma kupona ni kidonda nyuma ya sikio la kushoto, kidogo kama punje ya mtama, kinakauka, kinatoa damu, kinarudi.

Daktari wa ngozi alikigandisha kwa naitrojeni. Alisema ni jua la miaka mingi, bado si kansa, ila kilikuwa njiani. Ndipo nikajua wifi alikosikia: Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, panya wasio na manyoya walinyweshwa maji yenye IP6, wakamulikwa mionzi ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, wakaota uvimbe mchache kuliko wenzao. Panya! Hakuna aliyesema mtu avue kofia. Tena faitiki ikizidi inashika madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini. Kuloweka nafaka na kuchachusha hupunguza hilo. Mama alifanya hivyo siku zote.

Dona na maharage sijaacha, tumbo linashukuru. Ila sasa ninayo kofia ya ukindu niliyoishonea kanga kutoka sikio hadi sikio, inaangukia mabegani. Kofia tupu haifuniki nyuma ya masikio, na ukiinamia mzabibu jua linapiga hapo hapo. Inua kanga kwenye mwanga: ukiona upande wa pili, ikunje mara mbili. Losheni napaka hadi ndewe. Saa nne asubuhi natoka shambani, narudi saa kumi.

Kila Jumapili mume wangu ananimulika nyuma ya masikio kwa tochi ya simu. Huu ni mwezi wa kumi na nne, hajaona kitu.